KWA NINI NYUMBA ZA MASISTA HUDUMU?

Sote tumeona miradi inayokufa mara tu mfadhili anapoondoka. Lakini zipo nyumba za masista zilizodumu zaidi ya miaka 1,000. Siri yake ni nini?

Nyumba ya Nonnberg, mjini Salzburg, Austria, ilianzishwa na Askofu Rupert mnamo mwaka 714 hivi. Mama Mkuu wa kwanza alikuwa Erentrudis, ndugu wa askofu huyo. Watawala wa Bavaria waliwapa masista ardhi, nao wakapata riziki kutokana nayo. Mwaka 1423 kanisa lao liliungua, likajengwa upya. Masista wangali wapo.

Nyumba hiyo inafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Kanuni hiyo ina sura 73. Inaagiza kwamba kiongozi achaguliwe na jumuiya. Kwenye jambo kubwa wote waitwe, na hata aliye mdogo asikilizwe. Kila mmoja afanye kazi ya mikono. Na vifaa vya kazi vitunzwe kama vyombo vya altare.

Kanuni hii ilifika kwetu mwaka 1888, wamisionari Wabenediktini, mabruda na masista, walipofungua kituo Pugu, karibu na Dar es Salaam. Januari 1889 kituo kilishambuliwa wakati wa vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani, na watawa watatu wakauawa. Hata hivyo kazi iliendelea. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898. Mwaka 1938, huko huko Songea, lilianza shirika la masista Waafrika: Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, Chipole. Mwaka 2015 masista hao walizindua mtambo wa umeme wa maji wa Tulila, katika mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, ili kuiuzia TANESCO umeme.

Sisi wa Genkuru tunajifunza nini? Kikundi kiwe na katiba iliyoandikwa na inayosomwa mbele ya wanachama. Kiwe na shamba au mali yake chenyewe. Mwenyekiti achaguliwe kwa kura. Na msichana akisimama kusema kwenye kikao, wazee wamsikilize mpaka amalize. Mfadhili akija atukute kazini. Akiondoka, atuache kazini.