Istilahi za Hatari za Uzazi

Wafasiri wa maandishi ya kliniki za wajawazito hukabiliwa na tatizo ambalo si la lugha peke yake. Istilahi isiyoeleweka katika kitabu cha jiografia humpotezea mwanafunzi alama. Katika uzazi huweza kumpotezea mama maisha. Kwa hiyo yafaa tuchambue istilahi tatu zinazotumika mara kwa mara.

Ya kwanza ni "mimba yenye hatari". Wako wanaodhani kuwa mimba ya namna hiyo haina budi kuharibika. Sivyo. Maana yake ni mimba inayohitaji uangalizi wa karibu zaidi kwa sababu inayojulikana, kama vile mama kuwa na mapacha tumboni, kuwa na ugonjwa wa kisukari, au kuwa aliwahi kujifungua kwa upasuaji. Istilahi hii yataja uwezekano, haitoi hukumu. Mfasiri asiandike "mimba mbaya".

Ya pili ni "kifafa cha mimba". Wataalamu wa Ulaya waliuita ugonjwa huu kwa neno la Kiyunani lenye maana ya mmweko wa ghafla. Sisi tumeuita kwa mtukutiko wake. Jina letu limeenea, nasi hatuoni sababu ya kulitupa. Hata hivyo lina kasoro mbili. Kwanza, kifafa cha kawaida ni ugonjwa wa ubongo usiotokana na mimba, hivyo mama huweza kujibu kwamba katika ukoo wao hakuna kifafa, akarudi nyumbani. Pili, jina hili lataja mwisho wa ugonjwa, halitaji mwanzo. Kwa kawaida, baada ya wiki ya 20, shinikizo la damu hufika 140/90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Mama huweza kuumwa sana kichwa, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, au kuumwa chini ya mbavu, na bado hajatukutika hata mara moja. Akiwahi hospitali, dawa ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kutukutika kwa zaidi ya nusu, kama ulivyoonyesha utafiti wa mwaka 2002 uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33. Twapendekeza hatua hiyo ya mwanzo iitwe "kitangulizi cha kifafa cha mimba", na kila inapotajwa ifuatwe na dalili zake.

Ya tatu ni "uchungu pingamizi", ambao usichanganywe na "uchungu wa muda mrefu". Huu wa pili hupimwa kwa saa. Ule wa kwanza huelezwa kwa chanzo chake: mfuko wa uzazi wasukuma, lakini mtoto hawezi kupita, ama kwa kuwa kichwa hakitoshi katika nyonga, ama kwa kuwa amekingama. Asomaye "muda mrefu" huenda akangoja. Asomaye "pingamizi" atatafuta gari. Kungoja huko huweza kupasua mfuko wa uzazi, kumwua mtoto, au kumwachia mama nasuri, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi.

Tunawaomba walimu na wafasiri wawasikilize wakunga wa mahali pao, wakusanye maneno yao na kuyapima kwa swali moja: je, mama akilisikia neno hili, atajua la kufanya?