Paka Mzee na Harufu ya Nyumba Mpya

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani yapo makao maalumu yanayopokea paka na mbwa waliopotea, waliotupwa, au waliofiwa na watu waliokuwa wakiwatunza. Makao ya Battersea, jijini London, ni miongoni mwa yale ya zamani. Yalianzishwa mwaka 1860 kwa ajili ya mbwa, na mwaka 1883 yakaanza kupokea paka pia. Mnyama huwekwa humo mpaka apatikane mtu wa kumchukua. Mtoto wa paka hakai sana: mgeni huingia, kipaka humrukia vidoleni, na shauri limekwisha. Paka mzee ndiye abakiye. Mgeni humkuta amejikunja pembeni mwa kizimba, amempa kisogo, na chakula kiko pale pale hakijaguswa. Basi hudhani kuwa ni mgonjwa au mkali, akaenda zake. Dhana hiyo aghalabu si sahihi, nayo humpotezea mnyama siku ambazo hana nyingi.

Kwa mujibu wa mwongozo wa madaktari wa wanyama wa Marekani uliotolewa mwaka 2021, paka huhesabiwa kuwa mzee apitapo miaka 10. Wengi hufikia miaka 15 au zaidi wakitunzwa vema. Kumchukua paka wa miaka 11, basi, si kuchukua maiti.

Ili kuelewa kwa nini hujikunja pembeni, yatupasa kurudi kwenye asili yake. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani wametokana na paka-pori wa Mashariki ya Karibu, wa jamii ile ile iliyomo katika nyika zetu na ambayo wengine huiita kimburu. Kimburu huwinda peke yake na huishi katika eneo alilolizoea. Mbwa, kwa upande wake, ni wa ukoo wa mbwa-mwitu, mnyama wa kundi. Mbwa akihama pamoja na bwana wake huwa amehama na sehemu kubwa ya nyumba yake. Paka akihama huwa amepoteza nchi.

Na nchi hiyo imechorwa kwa harufu. Paka ana tezi mashavuni, kidevuni, nyayoni na penye shina la mkia. Anaposugua shavu kwenye mguu wa meza, huacha hapo kemikali ambazo pua zetu hazizitambui, lakini kwake ni alama ya mahali alipopazoea. Nyumba aliyoishi miaka kumi imejaa alama hizo. Kizimba kipya hakina hata moja. Kinanuka dawa ya kuulia vijidudu na paka asiowajua. (Paka aitwaye Larry alitoka Battersea mwaka 2011 na kupelekwa katika nyumba ya Waziri Mkuu wa Uingereza. Hadi Julai 2024 mawaziri wakuu watano walikuwa wamehama nyumba hiyo; Larry alikuwa angalimo.)

Mfadhaiko huo si wa moyoni tu. Mwaka 1977 Gaskell na Povey walionyesha jambo la ajabu kuhusu paka waliokwisha kupona mafua yao ya virusi. Virusi hivyo hubaki mwilini vimelala, na kule kuhamishwa makazi peke yake kuliwafanya baadhi ya paka waanze kuvitoa tena siku chache baadaye. Kwa hiyo paka aliyefika akiwa mzima aweza kuanza kupiga chafya juma la pili, na mgeni apitaye akamwona mgonjwa kweli.

Dawa moja ni rahisi mno. Mwaka 2014 Claudia Vinke na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, walichunguza paka 19 waliokuwa wameingizwa kituoni karibuni. Paka 10 walipewa sanduku la kujifichia na 9 hawakupewa. Wale wenye sanduku walitulia mapema. Kufikia siku ya tatu tofauti ilionekana dhahiri, na baada ya majuma mawili makundi yote yalikuwa yamekaribiana. Wanafunzi watambue kazi ya wale 9: bila wao tusingejua kama ni sanduku lililowatuliza wenzao au ni kupita kwa siku. Idadi ni ndogo, lakini sanduku la karatasi ngumu halina gharama.

Anayempeleka paka mzee nyumbani yafaa afuate mantiki hiyo hiyo. Aanze na chumba kimoja, si nyumba nzima. Achukue kitambaa ambacho paka alikuwa akikilalia kituoni, wala asikifue, kwa kuwa ndiyo samani pekee anayokuja nayo. Chakula kiwe kile kile cha kituoni kwa siku za mwanzo. Paka akijificha chini ya kitanda asivutwe.

Uzee nao una masharti yake. Picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, zilizoripotiwa Marekani mwaka 2002, zilionyesha uchakavu wa viungo katika 90 kati yao. Hivyo sanduku la mchanga liwe na ukingo mfupi, na malazi yawe chini. Chakula kikipashwa moto kidogo harufu yake huongezeka, na pua iliyozeeka huipata. Maji yasikosekane, maana figo za paka wengi huanza kuchoka katika umri huu. Akila sana huku anakonda, daktari aichunguze tezi ya thiroidi iliyo shingoni. Hatari zaidi ni kutokula kabisa: paka, hasa aliye mnene, akikaa siku kadhaa bila chakula, mafuta ya mwili huhamia kwenye ini na kulizidi nguvu. Asiyekula kwa siku nzima apelekwe kwa daktari, isingojewe ya tatu.

Baadhi hutulia kwa siku chache, wengine kwa miezi. Hakuna haja ya kukisia. Siku atakapotoka mwenyewe na kusugua shavu kwenye mguu wa kiti, mlango wa chumba cha pili waweza kufunguliwa.