Exetat: mzazi asiyejua Kifaransa atamsaidia mtoto namna gani?

Siku matokeo ya Exetat yanatoka, hata mtu asiye na mtoto shuleni anajua. Vijana wanapita na poda nyeupe kichwani, pikipiki zinapiga honi toka Birere mpaka Ndosho. Kesho yake, poda ikisha kunawiwa, swali moja linabaki nyumbani: "Umepata ngapi?"

Swali hilo lina uzito. Exetat, mtihani wa serikali ulioanza mwaka 1967, ndiyo unamaliza sekondari na kufungua mlango wa chuo kikuu. Asilimia 50 inatosha kwa diploma. Lakini vyuo vinaangalia asilimia, na fakultati zenye kutafutwa sana, sawa vile udaktari, zinaweza kuomba zaidi ao kumpitisha mtoto kwenye mtihani mwingine. Mwende mkaulize chuoni mapema, mbele ya kuanza kuota.

Wazazi wengi wanasema: "Mimi sikusoma, nitamsaidia na nini?" Kwanza, mujue mtihani wenyewe. Uko na sehemu mbili. Ile ya hors-session inatangulia: disertasio, Kifaransa cha kuongea, na kazi ya mikono kwa opsio fulani. Kisha kunakuja siku nne za maarifa ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya opsio. Hapo mtoto anachagua jibu kati ya yale aliyopewa, na saa inakimbia.

Disertasio haijifunzwi usiku mmoja. Aandike moja kila wiki. Na hapa mzazi asiyejua Kifaransa ana kazi kubwa: mbele aandike, muulize kwa Kiswahili, "Unataka kusema nini? Kwa sababu gani? Na mwenye kukupinga atasema nini?" Akishindwa kukueleza katika lugha ya nyumbani, kuandika kwa Kifaransa kutamushinda zaidi.

Kwa zile siku nne, kuna maswali ya miaka iliyopita, yale wanafunzi wanaita items. Wengi wanakariri majibu tu. Swali likigeuzwa kidogo, wanapotea. Afanye na saa mbele yake, kisha akueleze kwa nini yale majibu mengine si ya kweli.

Kitu cha tatu ni wakati. Katika nyumba nyingi za Goma, kijana anasoma wakati dada yake yuko kwenye foleni ya maji na bidoni, kisha anapika, kisha anaosha vyombo. Saa tatu ya usiku ndiyo anafungua daftari, umeme umekatika, simu iko karibu kuzima. Wote wawili watafanya mtihani mmoja. Bidoni zigawanywe.

Mwisho, siku zikikaribia, kuna watu watakuja na "majibu" ya kuuzisha. Mzazi, usitoe feza. Mara nyingi ni uongo, na mtoto akikamatwa nayo anaweza kupoteza mwaka mzima. Hata yakiwa ya kweli, chuoni hakuna mtu wa kumuuzishia akili.

Jioni hii, mbele ya kulala, mwite finalisti wako. Mwambie akueleze somo moja la leo, kwa Kiswahili. Wewe usikilize tu, na pale usipoelewa, uulize.