Kwa nini uvimbe uliokosa hewa ni mgumu kwa mionzi

Hapa Kapata tunajua shimo la wachimbaji lilivyo. Aliye karibu na mdomo anapumua vizuri. Aliye mbali ndani anakosa hewa. Uvimbe wa kansa nao umejengwa hivyo.

Katika mwili mzima, mishipa midogo ya damu imepangwa vizuri na hupeleka oksijeni kila mahali. Uvimbe hukua ovyo: mishipa yake imepindapinda, na mingine imeziba. Mwaka 1955, Thomlinson na Gray wa Uingereza waliandika juu ya uvimbe wa mapafu. Waliona kwamba seli zilizo mbali na damu, hata kwa umbali usiofika robo ya milimita, hufa. Lakini kabla ya kufikia hizo zilizokufa kuna seli zinazoishi kwa hewa kidogo sana. Hizo ndizo zenye kusumbua.

Mionzi huvunja nyuzi za urithi ndani ya seli. Oksijeni ikiwepo, jeraha hilo huwa la kudumu. Isipokuwepo, seli huweza kujitengeneza tena. Kwa hiyo seli iliyokosa oksijeni huhitaji mionzi karibu mara tatu zaidi ili ife.

Hiyo ni sababu mojawapo ya madaktari kugawanya matibabu kwa siku nyingi, mara nyingi majuma kadhaa. Zenye hewa hufa kwanza. Kisha damu huzifikia zile zilizojificha, nazo hupata hewa na kuwa rahisi kuuawa. Mgonjwa akiacha katikati kwa kuwa amepata nafuu, anaziacha zile ngumu.

Damu yenyewe ni muhimu pia, kwa sababu ndiyo inayobeba oksijeni. Mama mwenye kansa ya mlango wa kizazi hutokwa damu mara nyingi, na malaria huongeza upungufu. Ndiyo maana madaktari hupima damu kabla ya matibabu na wakati wake. Sigara nayo hupunguza oksijeni ndani ya damu.

Tangu 1951 mashine nyingi za mionzi zimetumia kobalti-60, inayotengenezwa kutokana na kobalti ya kawaida, madini yale yale yanayotoka katika udongo wetu. Lakini kwa wengi wetu safari ya kufikia mashine hiyo ni ndefu na ya gharama.

Basi tunapomtembelea mgonjwa, tusimwombee tu na kuondoka. Tumuulize: nauli ya siku zilizobaki ipo? Chakula kipo? Nani kati yetu anaweza kutoa damu?