Pumzi Yetu na Majani ya Miti

Hata sasa unaposoma unavuta pumzi. Kila mara mapafu yako hutwaa katika hewa kitu kiitwacho oksijeni. Damu huichukua mwilini mwote, nayo husaidia chakula kutoa nguvu na joto. Takataka ya kazi hiyo ni dioksidi kaboni, nawe huitoa nje. Mbuzi wako hufanya vivyo hivyo, na samaki wa Lualaba pia, ila yeye hutwaa oksijeni iliyomo majini.

Basi, mbona oksijeni haijatuishia? Mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley alitia tawi la mnanaa ndani ya chombo kilichofungwa, ambamo mshumaa ulikuwa umewaka hata ukazimika. Baada ya siku 10 mshumaa uliweza kuwaka tena mle. Mwaka 1779 mganga Mholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha kwamba majani hufanya kazi hiyo penye mwanga tu.

Litazame jani la muhogo. Lina matundu madogo sana, jicho haliyaoni. Hapo huingia dioksidi kaboni. Mizizi huleta maji, na kwa nguvu ya jua vitu hivi viwili hugeuzwa kuwa sukari, kisha wanga wa muhogo. Oksijeni hutoka nje. Kumbe bugali wako wa jioni ulikuwa hewa na maji!

Wengine huogopa kwamba mmea ukiwekwa chumbani usiku utawaibia pumzi. Ni kweli, gizani mmea hupumua kama sisi, lakini kidogo mno. Ndugu anayelala kando yako hukumalizia hewa zaidi.

La kuogopa ni makala. Usiku wa mvua mama huingiza jiko chumbani, hufunga mlango na dirisha ili mtoto apate joto. Makala hayo hutoa gesi nyingine, monoksidi kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Hiyo hushika damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi, ikakaa mahali pake. Kichwa huuma, mtu huona kizunguzungu, hutapika, hulegea. Wengine hulala wasiamke tena. Shamba zima la muhogo nyuma ya ukuta haliwezi kumsaidia.

Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango, mtoe nje upesi, wala wewe usikawie ndani. Mpeleke hospitali apewe oksijeni. Waliolala chumba kile waende wote, hata yule anayesema kwamba kichwa tu ndicho kinamuuma.