Kwa Nini Maharagwe Huchelewa Kuiva Nairobi

Anayepika maharagwe Mombasa na anayepika Nairobi wanaweza kuyatoa gunia moja na kutumia sufuria za aina moja, na bado wa Mombasa akawahi kula. Wengi huyalaumu maharagwe kwamba ni ya zamani. Pengine ni kweli, lakini Nairobi kuna sababu nyingine: maji yake huchemka mapema mno.

Hewa ina uzito. Kwenye usawa wa bahari, hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuushinda mgandamizo huo, na pwani hilo hutokea kwenye nyuzi 100. Nairobi, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, hewa imepungua, hivyo maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 80 au zaidi kidogo. Huko heri ubebe mkate. Kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu maji yakishachemka, joto la ziada huishia kwenye mvuke. Unamaliza gesi tu.

Dawa aliionyesha Mfaransa Denis Papin, jijini London, mwaka 1679: kuziba chungu ili mvuke uyakandamize maji. Presha kuka za leo, nyingi huongeza karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, na maji hufika nyuzi 120 hivi.

Kitazame kile kizibo cha chuma kinachochezacheza juu ya mfuniko. Tuseme tundu lake lina kipenyo cha milimita 4. Eneo lake ni kama thumuni ya sentimita ya mraba, kwa hiyo gramu 125 zinatosha kuuzuia mvuke. Mfuniko wenyewe, ukiwa na kipenyo cha sentimita 22, una eneo la sentimita za mraba 380. Mvuke uleule unausukuma kwa nguvu ya kilo 380, uzito wa pikipiki tatu! Mgandamizo ni mmoja, ila eneo limekuwa kubwa.

Ndiyo maana sipendi kumwona mtu akiulazimisha mfuniko kwa mpini wa mwiko. Ukifunguka, mgandamizo hushuka ghafla, na maji ya nyuzi 120 hufoka yote kwa pamoja, yakakurushia maharagwe usoni. Zima jiko, subiri mvuke uishe. Maharagwe yasizidi nusu ya sufuria, maana povu na maganda huziba tundu. Likiziba, kinachokuokoa ni vali ya usalama, nayo ni kazi ya Papin huyohuyo. Fundi asiizibe kwa skrubu. Na kabla ya kupika, inua mfuniko juani uchungulie tunduni: usipoona mwanga upande wa pili, lizibue kwanza.