Wodi, Kata na Gadi: Mtawanyiko wa Neno *Ward* katika Kiswahili

Mkazi wa Ngujini, katika Milima ya Upare, huishi katani lakini akiugua hulazwa wodini. Kwa Mwingereza, kote kuwili ni *ward*. Katika Kiingereza cha Kale neno hilo, *weard*, lilimaanisha mlinzi na ulinzi. Maana za sehemu ya mji na chumba cha wagonjwa zilifuata baadaye. Kiswahili kilikopa *wodi* kwa ajili ya hospitali. Kenya na Zanzibar hutumia *wadi* katika utawala, ilhali Tanzania Bara ina *kata*, nomino inayoelekea kutokana na kitenzi *-kata*: dhana yake ni kugawa, wala si kulinda. Kamusi inayolinganisha *kata* na *ward* bila maelezo huificha tofauti hiyo. Ndugu halisi wa *wodi*, ajabu kidogo, ni *gadi*: *guard* ya Kiingereza ilipitia Kifaransa kutoka shina lilelile la Kijerumaniki.